Kutoka kuchora skrini hadi kuziandikia msimbo

Wiki iliyopita nilikaa na mbunifu wa mwingiliano anayetaka kuhamia frontendi, yaani kuandika msimbo wa sehemu ya tovuti anayoiona mtumiaji. Michoro yake ni safi, ila alitaka kuanza na React, maktaba ya JavaScript ya kujengea skrini. Nikamzuia, nikampa njia niliyoipita mwenyewe.

Hatua ya 1. Chukua skrini moja uliyoichora zamani, yenye orodha na kitufe cha kufuta. Moja tu.

Hatua ya 2. Iandike kwa HTML (muundo wa ukurasa) na CSS (mwonekano wake) tupu. Kitufe kiwe `button`, si `div` (kisanduku kitupu) iliyopakwa rangi, maana `div` haifikiwi kwa kitufe cha Tab cha kibodi. React sina ugomvi nayo, lakini inakuficha kivinjari, na kivinjari ndicho unachopaswa kukijua kwanza.

Hatua ya 3. Kidirisha cha "Una uhakika unataka kufuta?" Hiki kilinila siku mbili nzima. Nilikijenga kwa `div`, na rundo la JavaScript la kuizuia Tab isitorokee ukurasa wa nyuma. Usijisumbue: tumia `dialog`, kidirisha cha HTML yenyewe. Tangu Machi 2022 vivinjari vyote vikuu vinaielewa. Lakini ifungue kwa amri ya JavaScript `showModal()`. Ukiiwekea sifa ya `open` tu kwenye HTML, kidirisha kinatokea vizuri, kumbe vitufe vya nyuma bado vinabonyezeka na Esc haikifungi.

Kuna mtego mwingine. Kidirisha kikifunguka, kivinjari hukabidhi kibodi kwa kitu cha kwanza kinachoweza kuipokea. Kikiwa ni "Futa", mwenye mazoea ya kugonga Enter ameshafuta kabla hajasoma. Weka `autofocus` kwenye "Ghairi", ili kibodi ianzie hapo.

Kikifungwa, kibodi hurudi kwenye kitufe kilichokifungua. Sasa je, kama kitufe hicho kilikuwa kwenye mstari uliofutwa? Hakipo tena, na mtumiaji wa kibodi anaachwa hewani. Aende wapi? Hilo ni swali la ubunifu, na waliosomea msimbo peke yake mara nyingi hawaliulizi. Mimi humpeleka mstari unaofuata kwa `focus()`, amri ya kuhamisha kibodi. Usipokuwepo, kwenye kichwa cha orodha. Kichwa nacho kipe `tabindex="-1"` ili kiweze kuipokea kibodi, la sivyo `focus()` haifanyi kitu wala hailalamiki. Jioni nzima ilinipotea hapo, nikidhani nimekosea tahajia.

Hatua ya 4. Chomoa kipanya, upitie yote kwa kibodi. Kisha kwa kisoma-skrini, programu inayowasomea wasioona kwa sauti. WCAG 2.2, mwongozo wa kimataifa wa kuwafikishia wavuti watu wenye ulemavu, kwa kiwango cha AA inataka vitufe vya angalau pikseli 24 kwa 24. Mimi sishuki chini ya 44.

Hatua ya 5. Kwenye wasifu wako wa kazi tanguliza kiungo cha kitu kinachobonyezeka, na aya mbili za maamuzi ya hatua ya 3. Picha za Figma, programu ya kuchorea skrini, zikae chini. Kwenye usaili nikiwa upande wa kuuliza, hizo aya ndizo ninazozisoma.

Mwenzangu bado yuko hatua ya 3. Jana ameniuliza orodha ikibaki tupu tuandike nini pale.