Mwalimu, umebakisha mwaka ustaafu? Panga pensheni na NSSF zifuatane hivi

Walimu wenzangu wa Kakamega, Bungoma, Vihiga mpaka Kisumu, kama umefika 58 ama 59 hii ni yako. Wengi wetu hatukuanzia TSC, ile tume inayoajiri walimu wa serikali Kenya, tulifundisha kwanza chini ya BOM, yaani bodi ya shule, enzi zile ikiitwa BOG, ama shule ya mtu binafsi, tukikatwa NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, miaka miwili mitatu, halafu TSC ikatuchukua na ile pesa tukaisahau kabisa. Bado iko huko. Na mimi naona kazi yake kubwa ni kukuvusha pale mshahara umekoma na pensheni haijaingia.

Hilo pengo lisikie tu kwa mwingine. Mimi nilikaa miezi saba bila kitu, na mtoto yuko chuo, eti kwa sababu jina langu la tatu kwa kitambulisho halikufanana na lile la barua ya kuajiriwa.

Kwa hivyo mwaka mzima kabla ya kufika 60 toa makaratasi yote uyaweke mezani: kitambulisho, PIN ya KRA (namba yako ya kodi), barua ya kuajiriwa, pesilipu, akaunti ya benki. Jina lifanane herufi kwa herufi. Faili inatoka TSC inaenda Idara ya Pensheni kule Hazina, so uliza imetoka lini, usikae tu nyumbani ukingoja simu.

Sasa hesabu, hii ni ya sisi tulio kwa mpango wa zamani. Chukua miezi uliyofanya kazi, gawa kwa 480, zidisha na mshahara wa msingi wa mwaka. Mfano mshahara ni 60,000 kwa mwezi na umefanya miaka 30, hiyo ni miezi 360, pensheni ya mwaka inakuja 540,000. Ukichagua kiinua mgongo wanatoa robo, 135,000, wanazidisha mara 20, unapewa 2,700,000 kwa mkupuo, halafu kila mwezi unabaki na 33,750. Wale hawakuwa wamefika 45 mpango mpya wa pensheni ukianza Januari 2021 wao wanakatwa asilimia 7.5 na serikali inaweka 15, hesabu yao ya kuanzia hapo ni tofauti.

Kuna wenye wanataka kutoka mapema wakifika 50. Inaruhusiwa, lakini fikiria vizuri, kila mwaka unaoacha unapoteza 12 juu ya 480, na ukiacha kumi ni robo nzima ya mshahara, tena wa mwisho ule mkubwa. Kama si ugonjwa, mimi nakusihi ngoja.

Turudi NSSF. Ukiwa 58 nenda Huduma Centre, Kisumu ama Kakamega, uombe rekodi yako uhesabu mwezi kwa mwezi. Zamani ilikuwa shilingi 200 yako na 200 ya mwajiri kwa mwezi, ama chini ya hapo, so si mamilioni, lakini riba ya miaka yote imeongezeka. Ukipata miezi shule haikupeleka, fuata sasa kama karani wa zamani bado anakukumbuka. Halafu ombi lenyewe peleka ile wiki tu umepata barua ya kustaafu, usingoje pensheni ianze, na kopi ya kila kitu ubaki nayo imepigwa muhuri wa kupokelewa.