Jinsi ya kurekodi wimbo wa vikundi vya wasichana vya miaka ya 1960 wenye kiza cha sinema

Mwaka 2005 bendi ya The Raveonettes kutoka Denmark ilitoa albamu ya Pretty in Black, na katika wimbo mmoja ikamshirikisha Ronnie Spector, yule yule aliyeongoza kikundi cha wasichana cha The Ronettes miaka ya 1960. Albamu hiyo ndiyo iliyonifundisha kwamba mapenzi ya ujana na vivuli vya sinema za zamani za uhalifu vinaweza kukaa katika wimbo mmoja bila kugombana. Utaratibu ninaoufuata ninaporekodi nyimbo za namna hiyo nyumbani ni huu.

Hatua ya kwanza ni kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Anza na mzunguko uliozoeleka wa C, A maina (maina ni kodi yenye sauti ya huzuni), F na G, uupige mara mbili kama ulivyo, kisha mara ya tatu uigeuze F iwe F maina. Ni noti moja tu iliyoshuka nusu toni, lakini chumba kizima huonekana kimepunguziwa taa. Usiugeuze wimbo wote kuwa maina, kwa sababu wimbo ulioanza na huzuni hauna tena pa kushukia.

Hatua ya pili ni ngoma. Mpiga ngoma Hal Blaine aliupa wimbo wa The Ronettes wa Be My Baby, mwaka 1963, mdundo ambao bendi nyingi zimeuazima tangu hapo: ngoma kubwa hulia kwenye pigo la kwanza, kisha katikati ya la pili na la tatu, kisha kwenye la tatu lenyewe, na pigo la nne huachiwa snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali. Ongeza tari juu ya snea hiyo, na upunguze mwendo kidogo.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo roho ya kazi yote, ni mwangwi. Studio ya Gold Star ya Los Angeles, ulikorekodiwa Be My Baby, ilikuwa na vyumba maalumu vya mwangwi. Mimi hutumia bafu. Naweka spika ndogo sakafuni ikitazama ukuta wenye vigae, maikrofoni naisimamisha kwenye kona ya mbali ikiipa spika mgongo, kisha nacheza sauti iliyokwisha kurekodiwa na kurekodi kile kinachorudi kutoka ukutani. Mwangwi ukiwa mkali mno, natundika taulo moja mlangoni. Hakikisha bomba halidondoshi maji, maana kila tone litasikika.

Hatua ya nne ni sauti. Mwimbaji aimbe kwa upole na unyoofu, kana kwamba hajui kinachomsubiri, na hofu wapewe waitikiaji wawili nyuma yake, wanaorudia neno lake la mwisho kwa sauti ya chini. The Shangri-Las, kikundi kingine cha wasichana, walifika mbali zaidi mwaka 1964, walipoingiza maneno ya kusemwa na vilio vya shakwe katika nyimbo zao. Jaribu sauti moja tu ya namna hiyo.

Gitaa lipige noti chache kwenye nyuzi nene, likiwa na tremolo ya taratibu, yaani sauti inayopanda na kushuka kwa kutetemeka.

Mwisho, changanya kila kitu katika mono, yaani sauti ya njia moja tu, kisha usikilize kwenye redio ndogo ukiwa chumba cha pili. Ukiweza kufuata kila neno la mwimbaji, na snea bado inavuma kama mlango unaofungwa mbali, usiongeze kitu.