Kitambaa cha pamoja: zoezi la wanagenzi wa tiba kwa sanaa, Bagamoyo

Ignacio Martín-Baró, padri na mwanasaikolojia aliyeuawa na wanajeshi El Salvador mwaka 1989, alisisitiza kuwa maumivu ya mtu hayaeleweki bila kuyatazama maisha yanayomzunguka. Mwanagenzi wa tiba kwa sanaa hujifunza jambo hilo vizuri zaidi akiwa amepiga magoti kando ya kitambaa ambacho kikundi kinakichora pamoja.

Chukua watu 8 hadi 12 wa kazi moja, kwa mfano akina mama wanaonunua samaki mnadani na kuwakaanga. Wao ndio wapange saa. Wawezeshaji wawe wawili, ili mshiriki akilia mmoja akae naye bila zoezi kukatika, na kabla ya siku hiyo mjue mtampeleka kwa nani akihitaji msaada zaidi.

Kata marekani, yaani kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, mita 3. Siku moja kabla, ipake rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa nusu kwa nusu. Hewa ya pwani ina unyevu, na kitambaa kibichi hakishiki mkaa. Rangi tengenezeni kwa udongo mwekundu uliochekechwa: gundi nyeupe ya mbao kijiko 1, maji vijiko 2, udongo mpaka iwe kama uji. Gundi ikipungua, rangi itapukutika kitambaa kikikunjwa.

Kitambaa kitandikwe chini, watu wakizunguke. Kwa dakika 40 kila mmoja achore kwa mkaa siku yake ya kazi, hapo alipokaa. Mwezeshaji asitangulie kuchora, maana mchoro wake utageuka jibu la mtihani. Kisha dakika 30 za kuunganisha michoro kwa rangi, na ya mwenzako huigusi bila kumwomba.

Sasa maswali, kwa njia ya Paulo Freire, mwalimu wa Brazili aliyefundisha kwa kuuliza: tunaona nini? Kwa nini iko hivi? Nani hayupo? Tufanye nini? La pili ndilo lipewe muda mrefu. Mama akijichora mdogo na dalali mkubwa, usimwambie anajidharau. Uliza bei inaanzia kwa nani. Hapa ndipo wanagenzi wengi huharibu, kwa kukimbilia suluhisho. Kikundi kilichozoea wageni kitasema upesi, "Tupewe mtaji." Lipokeeni jibu hilo, kisha rudini kwenye picha.

Azimio liwe moja, lenye mhusika na siku. Kitambaa kibaki kwao, na simu zisipige picha mpaka wote wakubali, kwa sababu dalali aliyechorwa hutambulika mnadani kesho yake.