Kuongea na watoto habari za ubaguzi na mambo yanayotokea nchini: anzia sebuleni kwako

Mwanangu wa kati ana miaka tisa. Siku moja jioni yuko sebuleni anachora, dada wa kazi akamwambia toa viatu vyako hapo njiani, yeye bila hata kuinua kichwa akajibu "we beki tatu tu, unanipangia nini". Mi niko jikoni nakuna nazi, nikaacha mbuzi hapo hapo nikatoka na mikono imejaa machicha, nimejiandaa kabisa kuchapa mtu, nikamuuliza hilo neno umelitoa wapi. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli kabisa akasema, si unasemaga wewe kwenye simu ukiongea na mama mdogo.

Na kweli nasemaga. "Ngoja nikupigie baadae, beki tatu wangu kaunguza wali." Kwa hiyo kama ni fimbo ilibidi nianze kuchapwa mimi.

Ndo maana nikisikia wazazi wenzangu wanauliza nimweleze vipi mtoto habari za ubaguzi, za vita, za haki, mi nawaambia usianze na dunia, anza na nyumba. Mtoto wa Dar hajifunzi kubagua watu kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku, saa hiyo wengi wanalilia katuni. Anajifunza kwenye simu yako, kwenye daladala, na kwa jinsi unavyomjibu mama anayepitisha mchicha asubuhi.

Fanya kipimo kidogo wiki hii, hakihitaji hela. Angalia mwanao anampa shikamoo nani. Wangu nilikuta akija mgeni na gari wanakimbilia getini, shikamoo anko shikamoo anti, ila mzee anayepita na mkokoteni kuchukua taka, mtu mzima mwenye mvi umri wa baba yangu, wanapiga kelele "mamaaa mzoa taka kaja" kama vile mwenyewe hana masikio. Mlinzi wa nyumba ya jirani naye ni "mlinzi" tu, hana jina, na yule ni babu mwenye wajukuu. Hakuna aliyewafundisha, wamepiga hesabu wenyewe kwa kutuangalia sisi. Sasa hapo usikae chini ukaanza hotuba ya usawa, mtoto atasinzia. Toka naye mpaka nje, mpe yule mzee shikamoo wewe mwenyewe, muulize jina, mtoto akuone, fanya hivyo siku tatu nne. Halafu ndo muulize taratibu, hivi kwa nini ulikuwa humsalimii? Jiandae, majibu ya watoto yanaumaga. Wangu alisema "kwa sababu mchafu". Nikamuuliza ule uchafu aliobeba ni wa nani, akakaa kimya kidogo akasema ni wa kwetu. Nikaishia hapo hapo, sikuongeza neno, na naomba na wewe usiongeze, manake sisi wazazi tuna ugonjwa wa kuharibu kitu kizuri kwa maelezo.

Halafu kuna suala la makabila, na hapa ndo watu wanachanganyaga. Sisi tuna utani, Mpare na Mchaga, Mzaramo na Mnyamwezi, Mngoni na Msukuma, watu wanatupiana maneno mpaka msibani, mtani anaigiza marehemu alivyokuwa anatembea na wafiwa wanacheka huku machozi yanatoka. Ni kitu kizuri sana na mtoto akijue. Ila mtoto akishazoea kwamba kusema watu kwa kabila ni sawa, kesho yuko darasani anamwita mwenzake Mgogo "ombaomba" kila siku na mwalimu anacheka (imetokea, shule siitaji, na niliambiwa "mama huo ni utani tu"). Sio utani huo. Mi wangu nimewafundisha kipimo cha maswali mawili. La kwanza, yule mwenzio na yeye anaweza kukurudishia, na wewe ukacheka? La pili, mkimaliza mnakula sahani moja? Mtani ukifiwa ndo wa kwanza kuja kubeba maji. Kama maneno yanatoka upande mmoja tu, na yule mwingine kila akisikia anaangalia chini, hiyo ni dharau imevaa kanzu ya utani. Mtoto wa miaka saba analielewa hili vizuri kuliko watu wazima wengi kwenye magrupu ya WhatsApp.

Ya Kayumba, yaani shule za serikali, na English medium sitasema sana, we msikilize tu mwanao anavyosema "wale wa Kayumba" akiwa kwenye basi la njano, utajua kazi unayo. Mkumbushe kwamba wewe mwenyewe, na shangazi zake, na pengine huyo mwalimu wake wa hesabu, wote ni zao la Kayumba.

Lingine ni habari ya ualbino, manake hili watoto wanaulizaga kwa sauti kubwa na sehemu mbaya, kwenye mwendokasi, mtu yuko siti ya mbele yenu. "Mama kwa nini yule yuko hivi?" Kosa tunalofanya wengi ni kumfinya na kumwambia shhh. Ukimfinya umemfundisha kwamba yule mtu ni kitu cha aibu au cha kutisha. Jibu palepale kwa sauti ya kawaida, ngozi yake ina rangi kidogo sana, kazaliwa hivyo, jua linamuumiza haraka ndo maana kavaa kofia. Mkifika nyumbani ongeza. Inarithiwa kutoka kwa baba na mama wote wawili hata kama wao ni weusi kama sisi, sio laana, haiambukizi, macho mara nyingi hayaoni mbali ndo maana darasani anatakiwa akae mbele, na bila kofia na mafuta ya kukinga jua anaweza kupata kansa ya ngozi. Neno zeruzeru lisitumike nyumbani kwako hata kwa mzaha, sema mtu mwenye ualbino. Wakubwa unaweza kuwaambia kwamba Juni 13 kila mwaka ni siku yao kimataifa, na kwamba Lindi mjini walishamchagua mbunge mwenye ualbino, Salum Barwany, mwaka 2010. Hii ya mbunge ni muhimu kuliko unavyodhani, manake mtoto akisikia habari za watu hawa kwenye mauaji tu anaishia kuwaogopa au kuwahurumia, basi.

Na mauaji yenyewe ataulizia. Mwaka 2024 alipouawa yule mtoto mdogo mwenye ualbino kule Muleba, Kagera, nchi nzima ilikuwa inaongelea hilo na wangu wakasikia redioni. Nilimwambia mkubwa ukweli, kuna watu wanadanganywa na waganga wapiga ramli kwamba viungo vya watu wenye ualbino vinaleta utajiri, ni uongo, serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli Januari 2015 na bado wapo. Mdogo wa miaka mitano nilimwambia mtu mbaya kamuumiza mtoto na polisi wanashughulika. Vyote viwili ni ukweli. Kumpunguzia mtoto ukweli kulingana na umri sio kumdanganya, ni kama kumkatia nyama vipande vidogo.

Sasa tukija kwenye habari zenyewe, majanga na vurugu. Kabla hujaeleza chochote uliza, "umesikia nini?" Mara nyingi alichosikia ni tofauti kabisa na unachodhani. Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, Novemba 16, 2024, mi nilijiandaa kuelezea kifo, kumbe wa kati swali lake ni wale watu walioko chini wanakunywa nini. Nikamwambia waokoaji walikuwa wanawapitishia maji na hewa, akatulia, akaenda kucheza. Cha pili alichouliza ndo cha maana, jengo linaangukaje lenyewe? Hapo watu wengi wanasema "mipango ya Mungu". Jamani tumwache Mungu. Jengo linajengwa na watu, linakaguliwa na watu, na kama kuna uzembe ni wa watu, na mtoto akiambiwa kila kitu ni mipango ya Mungu hatajua kwamba kuna mtu wa kuulizwa. Mwambie pia kuhusu wale waliokuwa wanachimba usiku na mchana kutoa wenzao, mtoto anahitaji kujua watu wema walikuwa wapi.

Klipu usimuonyeshe. Hata wewe zifute, simu ya mama ndo tablet ya nyumba nzima, mtoto anatafuta gemu anakutana na maiti. Aliye na simu yake, kama wangu wa miaka kumi na minne, kaa naye mkague klipu moja pamoja, tizama namba za magari, lugha wanayoongea, nguo, mvua, ujiulize hii ni leo na ni hapa kweli? Tulishakuta "Dar sasa hivi" ambayo magari yote yanapita upande wa kulia wa barabara. Alicheka sana na tangu siku hiyo yeye ndo anawakagua mashangazi.

Kipindi cha uchaguzi mkuu, Oktoba 29, 2025 na siku zilizofuata, ndo nilijifunza zaidi. Intaneti imekatika, tumeambiwa ikifika saa kumi na mbili jioni hakuna kutoka, na huko nje kuna milio. Wa mwisho akauliza, ni fataki? Mdomo ulishataka kusema ndio. Nikasema hapana, sio fataki, ni silaha, hazipo hapa kwetu, mlango umefungwa na leo wote tunalala chumba kimoja. Alilala. Ningemwambia fataki, kesho yake angesikia ukweli kwa mtoto wa jirani na kuanzia hapo nikimwambia "uko salama" asingeniamini tena. Ila usimwahidi usichoweza, usiseme "haitatokea tena", sema utakachofanya wewe. Na mtoto anayeanza kukojoa kitandani au kugoma kwenda shule baada ya mambo kama haya hajadeka, anaogopa, mpe muda, kama inaendelea kuna namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, kupiga ni bure, hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Kitu kimoja cha tahadhari. Mkiongea siasa mezani mtoto ataibeba mpaka shuleni, na sio kila mwalimu au jirani ana kifua. Mi nawaambia wazi, haya ni mawazo ya mama na baba, kwa wenzako kuna mawazo mengine, huko nje usimseme mtu kwa chama chake. Siwaambii "ni siri". Siri ni neno nimelifuta nyumbani kwangu kwa sababu wanaoharibu watoto ndo wanalitumia.

Namalizia na haki, na hapa huna haja ya kwenda mbali, nenda kituoni saa kumi na mbili asubuhi. Siku hiyo tuko Buguruni, wangu wa kati kavaa sare, daladala imesimama, konda kaweka mkono mlangoni, "denti wawili tu! Wawili wametosha!" Wanafunzi kama kumi wamebaki vumbini na yeye kasukumwa begi. Akaniuliza kwa hasira, mama kwa nini anatubagua? Ningeweza kumjibu makonda ndo walivyo. Nikamuuliza, we unalipa shilingi ngapi? Mia mbili. Mimi? Akajua mwenyewe kwamba mimi nalipa zaidi ya mara mbili yake. Nikamwambia sasa, yule konda na dereva jioni wana hesabu ya kupeleka kwa bosi, iwe kuna foleni iwe hakuna, isipotimia ni juu yao, kila siti anayokaa denti anaona hela inapungua. Akasema lakini sio haki. Nikamwambia ndio, sio haki, nauli yako ni halali na kukusukuma ni kosa, ila tafuta nani anapata, nani anakosa, na nani aliyepanga iwe hivyo, ukimchukia konda peke yake umeishia mlangoni.

Tulipata gari la nne. Njiani alikuwa kimya, tumefika Tazara kwenye foleni akaniangalia, "mama, kwa hiyo bosi wa daladala na yeye ana bosi wake?"

Nikamwambia kwanza shika begi lako vizuri, jioni tutamuuliza baba.