Kielekezi Thabiti na Safu katika Lugha ya C: Ni Kipi Hasa Kilichofungwa?

Neno const, linalozuia kitu kubadilishwa, liliingia katika lugha ya C kwa kiwango rasmi cha mwaka 1989, na bado linawachanganya wengi kwa sababu kielekezi (pointer) kinahusisha vitu viwili: kigeu chenyewe, ambacho kazi yake ni kuhifadhi anwani, na thamani inayokaa kwenye anwani hiyo. Kwa hiyo, kila unapokutana na neno hilo, jiulize kwanza ni kipi kati ya viwili hivyo kilichofungwa. Chukua matamko haya:

int x = 3, y = 4;
const int *p = &x;
int *const q = &x;

Anza kusoma kwenye jina la kigeu, kisha urudi kushoto. Ukifanya hivyo, p ni kielekezi cha namba isiyoruhusiwa kubadilishwa kupitia kwake, hivyo p = &y inakubalika lakini *p = 7 inakataliwa. Kwa q mambo ni kinyume: *q = 7 ni halali, ila q = &y haipiti, na ndiyo maana q hupewa anwani palepale inapotangazwa. Kompaila ya gcc hukutofautishia makosa hayo, kwani kwa p italalamikia "read-only location" na kwa q italalamikia "read-only variable". Ukitaka kufunga vyote viwili, andika const int *const r = &x. Kuandika int const *p badala ya const int *p hakubadilishi chochote. Kinachoamua ni upande wa nyota ambako const imekaa.

Angalia pia kwamba x yenyewe haikufungwa. Aliyezuiwa ni p peke yake, na mstari x = 7 utapita bila kipingamizi huku p ikiendelea kuielekea x ileile.

Sasa tuje kwenye safu (array). Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba jina la safu ni kielekezi thabiti, na kauli hiyo, kwa maoni yangu, huleta hasara kuliko faida. Ni kweli kwamba ukitangaza int a[5], huwezi kuandika a++ wala a = &y, na hapo a inafanana na q. Lakini jaribu sizeof, inayotoa ukubwa wa kitu kwa baiti: pale ambapo int huchukua baiti 4, sizeof a hutoa 20, ilhali sizeof q kwenye kompyuta nyingi za biti 64 hutoa 8. Vilevile, &a + 1 huruka safu nzima, yaani baiti 20, wakati a + 1 huruka kipengele kimoja tu. Jina la safu hugeuzwa kuwa anwani ya kipengele cha kwanza linapotumika katika hesabu nyingi, na anwani hiyo haihifadhiwi katika kigeu chochote ambacho ungeweza kukipa thamani mpya.

Mambo hugeuka ndani ya fanksheni. Katika tamko int jumla(const int s[], size_t n), mabano ya mraba yasikudanganye, kwa kuwa s pale ni const int *s: s++ inaruhusiwa, s[0] = 1 inakataliwa, na sizeof s hutoa ukubwa wa kielekezi. Ndiyo sababu idadi ya vipengele hupitishwa kando kama n.

Mtego mbaya zaidi uko kwenye maneno yaliyo ndani ya alama za nukuu (string):

char k[] = "Mombasa";
char *j = "Mombasa";

Safu k ni nakala yako ya baiti 8, ikiwemo sifuri inayoashiria mwisho wa neno, na k[0] = 'm' haina tatizo. Kwa j, badiliko hilohilo halina matokeo yaliyoainishwa na lugha, na mara nyingi programu huanguka ikiwa inaendeshwa, ingawa kompaila haikusema neno. Andika const char *j, kosa likamatwe mapema, na unapotumia gcc ongeza chaguo la -Wwrite-strings, linalokuonya ukisahau const hiyo, kwa kuwa chaguo la -Wall peke yake haliwashi onyo hilo katika C.