Kuvua Brooks River bila kumlisha dubu: mwongozo wa hatua kwa hatua

Shemeji yangu alikuja Alaska kutoka Nyeri na ombi moja tu: apelekwe kuvua Brooks River, ule mto wa maporomoko ambako dubu husimama wakidaka samoni hewani, na ambao wengi mmeuona kwenye kamera za mtandaoni. Ni mvuvi hodari. Mito ya Aberdare ameitembea tangu ujana, trauti anamjua vizuri, na nyati wamempandisha mti. Lakini mvuvi hodari ana tatizo lake: hapendi kumwachia samaki. Pale Brooks kuna wakati lazima umwachie, tena upesi, na bila kubishana.

Mto wenyewe ni mfupi, kilomita 2.4 hivi, unatoka Ziwa Brooks kuingia Ziwa Naknek ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katmai. Hifadhi nzima inakadiriwa kuwa na dubu wa kahawia wapatao 2,200. Samoni wakipanda, dubu kadhaa hugawana mto huo mdogo na wavuvi, wapiga picha na watalii wa kawaida. Leseni, nguo za mvua na dawa ya mbu utajipangia mwenyewe.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Kama lengo lako ni kuwaona dubu, njoo Julai. Kama lengo lako ni kuvua, usije Julai. Mwezi huo samoni wekundu wanapanda kwa wingi na dubu wamejaa kwenye maporomoko, kwa hiyo muda mwingi utakuwa umesimama nje ya maji na fimbo mkononi. Septemba dubu hurudi kwa wingi, safari hii sehemu ya chini ya mto, kuokota samoni waliokwisha kutaga na kuchoka. Agosti huwa kumepungua, kwa sababu samoni wametawanyika kwenye vijito vingine na dubu wamewafuata huko. Mimi huchagua Agosti.

Hatua ya 2: Kopo la pilipili

Kopo la pilipili la kufukuzia dubu usilinunue Anchorage kama unapanda ndege ya abiria. Haliruhusiwi kwenye mzigo wa mkononi wala ule wa chini, na watakunyang'anya. Linunue mjini King Salmon, unakopandia ndege ndogo ya kwenda Brooks, kisha mwambie rubani wa ndege ya kutua majini kwamba unalo, maana hawezi kukubali likae ndani pamoja naye. Kwa kawaida hulifungia kwenye boya la ndege.

Livae kiunoni au kifuani, mahali mkono unapofika bila kutafuta. Lililo ndani ya begi ni sawa na lisilokuwepo. Linafika mita 7 hadi 9 tu, kwa hiyo halitumiwi kumtishia dubu aliye ng'ambo ya mto. Na usijipake wala kupulizia hema ukidhani unamfukuza dubu: pilipili ikishakauka, harufu yake humvuta aje kunusa.

Hatua ya 3: Darasa la dubu

Ukishuka kwenye ndege unapelekwa moja kwa moja kwenye mafunzo ya askari wa hifadhi. Ni ya lazima kwa kila mgeni, na ukimaliza unapewa beji ndogo ya kuvaa. Sikiliza hata kama umeyasikia mwaka jana. Kanuni kubwa utakayopewa ni umbali wa mita 45 kutoka kwa dubu yeyote, karibu nusu ya uwanja wa mpira. Dubu akikusogelea, wewe ndiye unayerudi nyuma mpaka umbali huo urudi. Yeye hana wajibu wowote.

Hatua ya 4: Chakula

Hakuna kula njiani wala mtoni. Chakula huliwa ndani ya majengo au kwenye maeneo ya kulia yaliyotengwa, na nje ya hapo kinywaji ni maji matupu. Soda, chai ya chupa na pipi za mfukoni zote zinahesabika kuwa chakula. Kuna stoo ya kuwekea chakula na nyingine ya vifaa. Tumia zote mbili. Uwanja wa mahema una uzio wa umeme, lakini uzio huo si ruhusa ya kulala na biskuti.

Hatua ya 5: Kuingia mtoni

Usivue peke yako. Mnapokuwa wawili, mmoja anavua na mwingine anakaa mlinzi, akiwa ameupa mgongo ule upande ambao mvuvi anauangalia. Maji yana kelele, nyasi za ukingoni ni ndefu, na dubu mkubwa hutembea kimya kupita unavyofikiria. Mnabadilishana kila nusu saa. Mlinzi akisema "toka," mvuvi anatoka, na maswali yanaulizwa mkiwa nchi kavu. Na shemeji tulikubaliana hivyo kabla hatujalowesha mguu, maana katikati ya mto si mahali pa kuanza kujadili heshima ya nani ni mkubwa.

Simama mahali unapoona vizuri juu na chini ya mto, na ambapo ukingo wa kutokea uko wazi nyuma yako. Usijitumbukize kati ya dubu wawili kwa sababu tu samaki wapo hapo. Ukiona watoto wa dubu peke yao, usifurahi: mama yuko karibu. Pale Brooks mama wengine huwaacha watoto karibu na watu makusudi, kwa kuwa madume makubwa hukwepa watu.

Usiache kitu ukingoni. Begi, koti, sanduku la ndoano, vyote vikae mwilini. Dubu akikuta begi halina mtu atalifungua kwa njia yake.

Hatua ya 6: Kumwachia samaki

Hapa ndipo tulipotumia muda mwingi, na tulianzia nyumbani kabla ya safari.

Dubu wa mto huu kwa kawaida hakutafuti wewe. Anasikiliza maji. Samoni aliyenaswa hupigapiga mkia juu ya maji, na mlio huo dubu anaujua tangu akiwa mtoto: kuna samaki aliyeishiwa mbio, anakamatika kwa urahisi. Akija akamchukua samaki wako kwenye ndoano, umemfundisha kwamba mtu mwenye fimbo ana chakula. Kesho atamfuata mvuvi mwingine kabla hata hajanasa kitu, na dubu wa namna hiyo mwisho wake huwa mbaya kwa watu na kwa yeye mwenyewe.

Kama huna samaki na dubu ametokea akielekea upande wako, vuta mshipi wote, ishike ndoano mkononi au kwenye fimbo, toka. Usirushe "mara ya mwisho." Ndiyo hasa inayonasa.

Kama una samaki, usijaribu kumaliza kumvuta. Kila mvuvi hujiambia kwamba dubu bado yuko mbali. Piga hesabu: dubu wa kahawia anaweza kukimbia kilomita 55 hivi kwa saa, yaani mita 15 kwa sekunde. Zile mita 45 ni sekunde tatu. Kwa sekunde tatu hujafungua hata kifuko cha koleo.

Kwa hiyo, kwa mpangilio huu:

Kwanza, shusha fimbo na ulegeze mshipi. Samaki asipovutwa huacha kupigapiga, na kelele inakatika papo hapo. Kama ndoano yako haina kile kijino cha kuizuia isichomoke, mara nyingi itatoka yenyewe. Ndiyo maana mimi huminya kijino cha kila ndoano kwa koleo nikiwa nyumbani. Wapo wanaosema hivyo utapoteza samaki wengi. Ni kweli, na mto huu ndio unataka hivyo.

Pili, kama bado amenasa, elekeza ncha ya fimbo kwa samaki, ubane mshipi kwenye rili kwa kiganja, halafu rudi nyuma hatua mbili tatu. Fimbo, mshipi na samaki viwe mstari mmoja. Ile kamba nyembamba ya mwisho, iliyo kati ya mshipi na ndoano, itakatika kwenye fundo la ndoano. Watu wengi hufanya kinyume: wanainua fimbo na kuvuta juu. Fimbo ikipinda inameza nguvu zako zote, kamba haikatiki, na samaki anazidi kuchafua maji. Usizungushe mshipi kwenye kidole. Kitakachokatika ni kidole.

Tatu, ikishindikana, kata. Si kwa kisu. Tumia kile kikatio kidogo kama cha kukatia kucha, kining'inie kifuani kwenye kamba ya kujirudisha. Kisu kinataka mikono miwili, na mikono hiyo imekufa ganzi kwa baridi, na umesimama juu ya mawe yanayoteleza. Nimewaona watu wakitafuta kisu mfukoni chini ya suruali ya mpira huku mlinzi wao akipiga kelele. Kukata kunamwachia samaki kamba ndefu, si vizuri, ndiyo maana njia hii nimeiweka mwisho.

Hatua zote hizi zinategemea kamba ya mwisho unayofunga. Brooks inavuliwa kwa nzi bandia tu, bila chambo, na wengi hufunga kamba nene wakiogopa samoni. Shemeji alikuja na kamba ambayo ungefungia mbuzi. Mimi nafunga inayokatika kwenye kilo 5 hivi, halafu natumia fimbo yenye nguvu, namba 8, ili samaki asichukue muda mrefu majini. Fimbo laini na kamba nyembamba pamoja ni ukatili: samaki anachoka hadi kufa na kelele haiishi. Fimbo ngumu na kamba nene ndiyo inayomfikisha dubu kwako na samaki bado yuko kwenye ndoano.

Fanya mazoezi. Tulifunga ndoano kwenye nguzo ya uzio nyuma ya nyumba, tukanyoosha mshipi kama mita 15. Shemeji aliinua fimbo kwa mazoea, ikapinda mpaka ncha ikatazama chini, na kamba haikukatika. Akainyoosha kuelekea nguzo, akabana rili, akarudi nyuma hatua mbili: ta! Fundo likaachia. Akarudia hadi mkono ukaacha kuuliza. Nzi bandia wachache walipotea, wa dola mbili tatu kila mmoja.

Na kama dubu amewahi, tayari ana samaki wako mdomoni? Usivutane naye. Kata, toka, ondoka. Usibaki kupiga picha, hata kama ni picha ya maisha. Kisha mwambie askari wa hifadhi kilichotokea. Hawaulizi ili wakugombeze. Wanataka kujua ni dubu yupi ameanza tabia hiyo.

Jambo moja tena. Utamwona dubu akipita karibu na mvuvi bila hata kugeuza shingo, na mtu atakuambia "hawa wamezoea." Wamezoea, ndiyo, lakini kilichowatuliza ni samaki kuwa wengi, na siku samaki wakipungua utulivu huo hupungua nao. Usiuwekee dhamana.

Hatua ya 7: Ukitaka kula samaki

Ushauri wangu: achia wote, samaki wa kula wapo Naknek. Trauti wa mto huu ni wa kuachiwa kwa vyovyote. Kanuni za idadi ya samoni na sehemu za mto unakoruhusiwa kubakiza huchapishwa kila mwaka na idara ya samaki na wanyama ya jimbo la Alaska. Zisome za mwaka wako. Ukibakiza samaki, mtie kwenye mfuko wa plastiki hapo hapo na umpeleke moja kwa moja kwenye jengo la kugandishia. Kumpasua na kumsafisha mtoni ni marufuku, na kutembea naye akining'inia begani ni kujitafutia.

Hatua ya 8: Njiani

Dubu hulala pembeni mwa njia, ndani ya nyasi kabisa. Ongea kwa sauti, piga makofi kwenye kona. Vikengele vinavyouzwa madukani achana navyo. Havisikiki vya kutosha. Sauti ya mtu inatosha, na sisi tulipiga soga ya Kiswahili njia nzima.

Mkikutana, usikimbie. Simama, ongea kwa upole, rudi nyuma kwa upandeupande na umpishe njia. Akigonga meno, akitoa udenda au akilaza masikio, umeshamkaribia kupita kiasi, na wa kuondoka ni wewe. Akikujia kwa kasi, simama pale pale na kopo mkononi. Mara nyingi ni vitisho na huishia njiani. Akikugusa kabisa kwa kujihami, lala kifudifudi, miguu mbali mbali, mikono imefunika shingo, tulia mpaka aende. Asipoacha, pigana.

Hatua ya 9: Tiketi ya kurudi

Ndege hutua kwenye ufuko wa Ziwa Naknek, na dubu nao hupita ufukoni. Wakiwa pale, abiria wanasubiri. Ukungu ukishuka, kila mtu anasubiri. Safari ya kwenda King Salmon ni ya dakika ishirini hivi, lakini usikate tiketi ya Anchorage ya jioni ile ile. Kata ya kesho yake mchana, na uweke pembeni hela ya kulala King Salmon, ambako vyumba ni vichache na bei yake si ya mchezo.