Jinsi ya kusoma grafu za nishati ya chembe na ongezeko la tungamo

Nimetoka kumwelekeza mwanafunzi aliyekwama kwenye grafu hizi, nami naziandika hatua kwa mpangilio tuliofuata.

Hatua ya 1. Soma mihimili na vizio. Mhimili mlalo mara nyingi ni v/c, yaani kasi ya chembe ikigawanywa kwa kasi ya mwanga, kuanzia 0 hadi 1.

Hatua ya 2. Mhimili wima unaonyesha nishati mwendo au nishati jumla? Usiguse kikokotoo kabla ya kujibu swali hili, maana ndilo linalokula muda wa watu. Mistari yote miwili ina umbo lilelile. Wa nishati jumla umepandishwa tu kwa kiasi cha nishati tuli, m₀c², yaani nishati ya chembe ikiwa imetulia (m₀ ni tungamo tuli). Angalia pale v ni sifuri: ukianzia sifuri ni nishati mwendo, ukianzia m₀c² ni nishati jumla. Kama mhimili wima ni wa logi, sifuri haipo, kwa hiyo mstari wa nishati mwendo utaporomoka upande wa kushoto, na ule wa nishati jumla utalala karibu sambamba na mhimili mlalo.

Chukua elektroni, yenye nishati tuli ya MeV 0.511 (MeV ni elektronivolti milioni moja; GeV ni MeV elfu moja, na TeV ni GeV elfu moja). Ukisoma 1.022 kwenye grafu ya nishati jumla, γ (nishati jumla ikigawanywa kwa nishati tuli) ni 2 na kasi ni 0.866c. Ukisoma 1.022 hiyohiyo kwenye grafu ya nishati mwendo, γ ni 3 na kasi ni 0.943c. Volti za kuongeza kasi hukupa nishati mwendo, si jumla. Kwa protoni ya TeV 6.8 kule CERN, maabara ya fizikia ya chembe, usihangaike, kwani nishati tuli yake ya GeV 0.938 haionekani kabisa kwenye skeli hiyo.

Hatua ya 3. Grafu ya m/m₀, yaani tungamo linaloongezeka na kasi likigawanywa kwa tungamo tuli, ni grafu ya γ: 7.09 kwenye 0.99c, 22.4 kwenye 0.999c. Mimi napendelea kuliacha tungamo tuli kama lilivyo na kuzungumzia nishati. Ukichukua tungamo lililoongezeka ukaliweka kwenye F = ma, utakosea pale kani inapoelekea upande wa mwendo, kwa kuwa hapo kinachohitajika ni γ³m₀.

Hatua ya 4. Ukipita 0.99c, usikadirie kwa macho, mstari umeshasimama wima. Geuza grafu: nishati mwendo iwe mlalo, v²/c² iwe wima, kama matokeo ya jaribio la mwaka 1964 la mwanafizikia Bertozzi, aliyepima kasi ya elektroni. Chora na mstari wa Newton. Kwa elektroni, mstari huo unafika 1 kwenye MeV 0.256 tu, wakati mstari halisi hapo uko 0.556. Bertozzi alifika MeV 15, na elektroni zake hazikuupita mwanga.